Maji Yasiyo na Kitu Ndani

Watu wa Kishapu walimwita Bwana Mvuke, lakini jina lake lilikuwa Marselino, na wala hakuwa mtu wa Kishapu. Alikuwa Mzinza wa kisiwa cha Kome, mtoto wa Bernadina mfinyanzi. Mengi ya haya nimeyapata kwa mkewe, Philomena, ambaye ni shangazi yangu, dada wa baba. Machache niliyaona mwenyewe nikiwa msichana wa kutumwa kisimani.

Kule Kome maji hayakuwa kitu cha kufikiriwa. Unatoka nje, unateremka kidogo, ziwa hilo hapo. Maji ya Nyanza yalikuwa na ladha ya majani ya ufukweni, ya udongo, na kwa mbali ya samaki. Bernadina aliyahifadhi kwenye mtungi aliofinyanga kwa mikono yake, na mtungi nao ukayaongezea harufu yake. Marselino hakujua kwamba hiyo ni ladha. Alidhani ndivyo maji yalivyo duniani kote.

Alivuka kwenda bara wakati wa vita vya pili vya dunia, ndevu zake ndiyo kwanza zinaota. Vijana wengi wa kisiwani walikuwa wakienda Geita kwenye machimbo ya dhahabu, na yeye alitaka kuiona hiyo mitambo iliyosemekana inatafuna mawe.

"Nitarudi mvua zikikatika, mama," alisema.

"Haya," Bernadina alijibu. Alikuwa akifinyanga, na hakuinua mikono kutoka kwenye udongo. Baadaye jirani alimwambia Marselino kwamba chungu kile hakikumalizika. Mama yake alikivunja-vunja, akakirudisha kuwa udongo.

Geita walimweka kwenye kinu. Msimamizi wake alikuwa Stanslaus, mtu wa Bukoba, mpole, aliyependa kueleza mambo hata kwa asiyeuliza. Siku ya kwanza alichota unga wa mawe uliotoka kwenye kinu, akamwonyesha.

"Unaiona dhahabu?"

"Naona vumbi tu."

"Imo humu. Imechanganyika na mawe, lakini haijageuka kuwa jiwe. Kazi yetu ni kuitoa katikati ya wenzake."

Ule unga ulitiwa maji ukawa tope, tope likapitishwa juu ya mabamba ya shaba yaliyopakwa zebaki. Zebaki iliikamata dhahabu, tope likaenda zake. Kilichokwanguliwa kwenye mabamba kilikuwa uji mzito wa kijivu, usiofanana na dhahabu wala zebaki. Uji huo ulikamuliwa kwa kitambaa, kisha bonge lililobaki likatiwa kwenye chungu cha chuma chenye kifuniko cha kubana na bomba moja refu la kutokea. Chini yake uliwashwa moto. Hapo ndipo Marselino alipoona jambo lililomkaa akilini maisha yake yote. Zebaki ilipanda kama mvuke, ikapita kwenye bomba lililoviringishiwa magunia yaliyoloweshwa, ikapoa, ikadondoka upande wa pili, tone baada ya tone, ikiwa zebaki ileile. Chungu kilipofunguliwa, ndani ilibaki dhahabu.

"Kwa hiyo hazikuwa kitu kimoja?" Marselino aliuliza.

"Zilikaa pamoja. Lakini kila moja ina moto wake wa kuondokea. Zebaki huondoka mapema, dhahabu hata haijasikia joto." Stanslaus akamvuta bega kumrudisha nyuma. "Na usisogeze pua yako pale. Mvuke ule ukiuvuta, mikono itakutetemeka mpaka ushindwe kushika kijiko."

Mvua zilikatika, Marselino hakurudi. Zilikatika tena. Kila alipoomba ruhusa kulikuwa na sababu, na kila sababu ilipoisha, yeye mwenyewe alikuwa na nyingine. Kisha ikaja sababu iliyozishinda zote. Mwenzake wa kambini, Jilala, ambaye ndiye baba yangu, alitembelewa na dada yake kutoka Kishapu. Philomena alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kutoka mbali. Marselino alimsalimia kwa Kisukuma alichojifunza kwa Jilala, akakivuruga, na Philomena akacheka mpaka akakaa chini. Walifunga ndoa palepale Geita kwenye kanisa la nyasi.

Hata mwaka haujaisha, habari ikaja kwamba baba yake Philomena macho yamefumba, haoni tena, na hakuna wa kumshika mkono. Jilala alikuwa amefungwa na mkataba wake wa kazi.

"Twende msimu mmoja tu," Philomena alimwambia mumewe. "Tukishampatia mtu wa kumtazama, tutakwenda kwenu nikamwone mama."

"Msimu mmoja," Marselino alikubali.

Kishapu ilimpokea kwa jua. Ardhi ya mbuga nyeusi imepasuka nyufa za kuingiza mguu, pamba imesimama kavu mashambani, ng'ombe wamejipanga njiani kwenda lambo, bwawa lililochimbwa la kunyweshea. Baba mkwe alimpapasa uso kwa viganja vyote viwili, akasema amepata mtoto. Kisha akaletewa maji ya kunywa kwenye kibuyu.

Alikunywa funda moja, akalishikilia mdomoni. Yalikuwa meupe, yanang'aa, huoni hata chembe. Na yalikuwa ya chumvi.

"Haya ni ya kisimani," Philomena alimnong'oneza. "Meza. Wanakutazama."

Akameza.

Yalikuwepo pia maji ya lambo, rangi ya chai ya maziwa kwa tope. Hayo Marselino aliyapenda zaidi, ingawa watu walimshangaa. Aliyaacha yatulie tangu jioni mpaka asubuhi, tope likalala chini, kisha akayapitisha kwenye kaniki iliyokunjwa mara kadhaa. Yakatoka matamu, karibu ya kawaida. Akafanya hivyohivyo kwa maji ya kisimani. Aliyatuliza, akayachuja, akayachuja tena. Yalitoka na chumvi yao yote.

Philomena alimkuta amechuchumaa mbele ya chombo, uso umekunjamana.

"Unatafuta nini humo?"

"Tope linakamatika," alisema. "Linaelea tu, halijaingia ndani ya maji. Chumvi imeingia. Imejigawa kila mahali, hata kaniki haiioni."

"Basi iache. Utaizoea."

"Kwetu..." Marselino alianza. Philomena aliniambia kwamba mumewe alilianza neno hilo mara nyingi miaka ile, na mara chache sana alilimaliza.

Msimu mmoja ukawa miwili. Mtu wa kumtazama mzee hakupatikana. Walimzaa Sikujua, binti yao wa kwanza, na babu akamzoea kuliko sauti yake mwenyewe. Ungemwambiaje kipofu kwamba mnamchukua mtoto? Marselino alilima pamba pamoja na watu wa pale, akachunga zamu yake ilipofika, akajifunza kutania kwa Kisukuma. Lakini upepo ulipovuma kutoka kaskazini alisimama akaugeuzia uso, kama anayenusa kitu. Kutoka pale mpaka ziwani ni mbali. Upepo ule ulileta vumbi tu.

Palikuwa na misheni ndogo yenye zahanati, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu. Aliyeiendesha alikuwa Sista mmoja mfupi ambaye watu walimwita Sista Mganga. Mvua za mwaka ule zilipoigeuza mbuga kuwa gundi, lori la kumletea dawa lilikwama na halikufika. Dawa za sindano alikuwa nazo, za unga, ila maji ya kuziyeyushia yalikuwa yameisha. Yale yalikuwa maji maalumu yaliyoletwa kwa chupa kutoka Mwanza.

Marselino alikuwa amempeleka mtoto kliniki. Alimsikia Sista akimweleza muuguzi kwamba maji ya kisimani hayafai hata yakichemshwa, kwa kuwa kuchemsha kunaua vijidudu lakini chumvi haiondoi.

"Samahani, Sista," Marselino alisema. "Na mvuke wake?"

Sista akageuka. "Mvuke wake ndio hasa ninaoutaka. Nimeusoma, nimeuona mjini kwenye vyombo vya kioo. Hapa nina sufuria."

"Nina haja ya chungu cha chuma chenye kifuniko, na bomba la shaba. Na pipa."

Waliujenga mtambo pamoja. Sista alichora, Marselino akakunja bomba. Sista alisisitiza kila kitu kisuguliwe na kuchemshwa kwanza, na kwamba maji ya mwanzo yamwagwe. Marselino alijua moto uwe mkubwa kiasi gani ili maji yasiruke yakaingia kwenye bomba yakiwa maji. Bomba likapitishwa ndani ya pipa la maji baridi. Walikaa wakingoja, yeye na Sista, juu ya masanduku mawili. Tone la kwanza liliponing'inia, likakataa kidogo, kisha likadondoka, Sista alipiga makofi kama mtoto.

Chungu kilipopoa, Marselino alikuta ukoko mweupe umeganda chini. Aliugusa kwa ulimi. Chumvi yote ilibaki pale.

"Hakuna kitu kingine kwenye hii chupa," Sista alimwambia akiinua chupa kwenye mwanga. "Maji peke yake. Hata mvua ni chafu kuliko haya."

"Naweza kuonja?"

Alikunywa kidogo. Akanywa tena, na tena, kama anayetafuta kitu, mpaka Sista akamuuliza kama anaumwa.

"Hayana kwao," alisema Marselino. "Ukiyanywa huwezi kusema yametoka wapi."

Alikuwa amefikiri, hivi ndivyo Philomena alivyonieleza, kwamba chumvi ikitoka yatabaki maji ya Kome. Moyoni mwake alikuwa akiamini jambo hilo tangu alipoanza kukunja bomba, bila kujiambia. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, na machozi yakamtoka mbele ya baba mkwe, ambaye kwa bahati hakuyaona.

Tangu siku ile akawa mtu wa mtambo. Sista alimwajiri, na watu wakampa jina. Sisi watoto tulikuwa tukisimama mbali kumtazama Bwana Mvuke akipoza pipa lake, na tulidhani anapika mawingu.

Kisha ikaja ile njaa ya mwaka wa arobaini na tisa. Mvua ilikosa kabisa. Lambo likawa uwanja. Kisima kilipungua, na kadiri maji yalivyopungua ndivyo chumvi ilivyozidi kukolea, maana maji yalikwenda na yenyewe ikabaki. Watu walikunywa chochote. Kuhara kukawaingia watoto, nyumba kwa nyumba, na Sikujua naye akapatwa. Macho yake yalizama ndani, ngozi ya tumboni ukiibana ilibaki imesimama.

Philomena alimbeba mpaka misheni. Marselino alimkuta Sista akipima chumvi safi kwenye mizani ndogo ya dawa, akiitia kwenye chupa ya maji ambayo Marselino mwenyewe aliyatengeneza asubuhi.

"Sista! Mimi nahangaika kuitoa chumvi, wewe unairudisha?"

"Nairudisha kidogo, kwa kipimo. Damu yake ina chumvi, Marselino. Nikimtilia maji matupu, damu itaharibika. Nikimtilia ya kisimani, nitamuua kwa yale mengine yaliyomo. Lazima nijue kila kitu kilichomo ndani ya chupa hii. Ndiyo maana nahitaji maji yako. Niletee mengi."

Walimchoma mtoto sindano ya pajani, na yale maji yakaingia polepole chini ya ngozi mpaka paja likavimba, kisha likanywea, mwili ukiyanywa. Philomena alishika mguu. Marselino hakuweza kukaa kutazama, kwa kuwa nje kulikuwa na akina mama wengine kwenye foleni. Alirudi kwenye moto wake. Alichochea, akapoza pipa, akachochea. Jua lilipoinama Philomena alitoka akamwambia kwamba Sikujua amekojoa. Ndipo Marselino alipokaa chini.

Katika siku hizohizo baba yangu, Jilala, alifika kutoka Geita, mkataba wake umekwisha. Alikuja moja kwa moja pale mtamboni hata hajatua mzigo.

"Shemeji, kuna watu wa Kome walipita kambini. Mama anakuita. Wanasema hayuko vizuri."

Marselino alitazama moto, akatazama foleni ya akina mama.

"Nani atashika hapa?"

"Mimi sijui kazi hii."

"Basi jifunze."

Lakini mambo yale hayakufundishika kwa siku moja, na watoto walizidi kuletwa. Sista hakumzuia. Alimwambia, "Nenda kama unakwenda," kisha akageuka upande. Marselino alibaki mpaka mvua ziliporudi na kuhara kukapungua. Baba mkwe alikuwa ameshafariki, njaa ilipokuwa kali. Baba yangu akashika moto, na Marselino akapanda lori la pamba hadi Shinyanga, garimoshi hadi Mwanza, kisha boti, kisha mtumbwi wa kuvushia abiria.

Bernadina alikuwa hai. Alikuwa amekaa mlangoni, amekonda, nywele nyeupe kabisa, mikono imetulia mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umetoka wapi?"

"Kishapu, mama. Ni mimi."

"Kishapu ni mbali. Ulipita Geita?"

"Nilifanya kazi huko, mama."

"Basi labda umemwona kijana wangu. Marselino. Ana kovu hapa," akagusa nyusi yake, "alianguka kwenye mwamba akiwa mdogo."

Marselino alipiga magoti mbele yake, akauchukua mkono wake akauweka kwenye nyusi yake mwenyewe, penye kovu. Bernadina alilipapasa.

"Pole," alisema. "Wewe nawe ulianguka."

Alimletea maji kwenye kata, kama anavyopewa mgeni. Marselino aliyanywa yote. Yalikuwa yaleyale, hata harufu ya mtungi ilikuwa ileile. Bernadina alisimama akimtazama anavyokunywa, akasema, "Una kiu kweli, baba." Akamwongezea.

Alikaa naye, na kila siku alimsikiliza akimsimulia habari za Marselino. Alivyoogopa radi. Alivyokula udongo wa ufinyanzi akachapwa. Alivyosema atarudi mvua zikikatika. Mambo mengine yeye mwenyewe alikuwa ameyasahau. Wakati fulani aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amenawa uso, na mama yake akaendelea pale alipoachia.

"Twende wote Kishapu, mama," alimwambia alipokaribia kuondoka. "Nina mke. Una mjukuu."

"Una moyo mzuri. Lakini siwezi kuondoka. Marselino akija akute mlango umefungwa?"

Alirudi Kishapu akamweleza mkewe. Philomena alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaanza kufunga vyombo. Hakuuliza ni kwa msimu mmoja au mingapi.

Waliishi Kome. Bernadina aliwapokea kama wageni na akawapenda kama wageni. Sikujua alimwita bibi, naye aliitikia. Alimfundisha kukanda udongo, ambao mikono yake haikuusahau hata siku moja. Jioni moja, Marselino akiwa shambani, Bernadina alimwambia Philomena, "Huyu mumeo ni mtu mwema. Natamani Marselino angemkuta. Wangependana."

Alifariki usingizini, wakati dagaa wameanikwa ufukweni. Marselino ndiye aliyemfumba macho.

Walipomaliza matanga, Marselino alimkuta mkewe amesimama juu ya mwamba, ameyapa maji kisogo, anatazama kusini.

"Unapakumbuka?" alimuuliza.

"Kila siku," Philomena alisema. "Harufu ya ng'ombe. Pale ardhi inapokuwa bapa mpaka mwisho wa macho. Hapa kila nikiinua uso nagonga maji."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuona unacheka na mama yako. Nikanyamaza."

Marselino alikijua kitu kile, alikuwa amelala nacho kwa miaka, na hakuhitaji kuelezwa uzito wake. Pamba ya mwaka uliofuata ilipokuwa inachumwa, tuliwaona wakishuka kwenye lori, Philomena akiita majina yetu kabla gurudumu halijasimama.

Tangu hapo, kila mauzo ya pamba yalipokwisha, Marselino alikwenda Kome kufyeka kaburi la mama yake. Philomena alimsindikiza mpaka stesheni ya Shinyanga, na mimi nilikwenda naye mara kadhaa kumsaidia mzigo. Shangazi alikaa kwenye benchi mpaka garimoshi lipotee kabisa, hata watu wote wakiwa wameondoka na mfagiaji akifagia miguuni petu. Kisha tulirudi. Njia nzima alikuwa haongei, yeye ambaye sauti yake ilisikika ng'ambo ya mbuga, na ukimsemesha alikuitikia kesho yake, kama mtu aliyeondoka na garimoshi lile.